Alimzaa, akamzaa: jinsi ya kusoma nasaba za Biblia ya Kiebrania

Katika sura ya 2 ya kitabu cha Ezra zimetajwa koo tatu za makuhani waliorudi Yerusalemu kutoka uhamishoni Babeli: wana wa Habaya, wana wa Hakosi na wana wa Barzilai. Walitafuta majina yao katika orodha za nasaba, wasiyaone. Wakaondolewa kwenye ukuhani, na liwali akawakataza kula vitu vitakatifu sana mpaka apatikane kuhani mwenye Urimu na Thumimu, vifaa vitakatifu vya kutafutia jibu la Mungu, wa kuwaulizia. Kwa kuhani hilo lilikuwa jambo la riziki. Sheria ya Hesabu 18 haikumpa fungu la ardhi kama makabila mengine. Alikula kutoka kwenye sadaka. Jina lisipoonekana, chakula cha nyumba nzima kimekwenda. Aya iliyotangulia inataja watu wengine 652, wa koo za Delaya, Tobia na Nekoda, ambao walishindwa kuonyesha hata kama walikuwa wa Israeli.

Tunaanza na aya hizo kwa sababu zinaonyesha nasaba ikiwa kazini. Nasaba ni hati, kama ilivyo hati ya shamba. Iliandikwa ili ijibu swali la mtu aliyesimama mlangoni: huyu ni wa kwetu? Ardhi hii ni ya nani? Madhabahuni ahudumu nani? Kiti cha enzi akikalie nani? Ukilijua swali, majina huanza kusema. Usipolijua, utaona msururu wa majina magumu kutamka tu.

Na hati inaweza kupatikana baadaye. Katika 1 Mambo ya Nyakati 24:10 Hakosi ni zamu ya saba kati ya zamu 24 za makuhani. Katika Nehemia 3:4 yumo Meremothi, mwana wa Uria, mwana wa Hakosi, akijenga kipande cha ukuta wa Yerusalemu. Na Ezra 8:33 inasema fedha na dhahabu za hekalu zilipimwa mkononi mwa Meremothi, mwana wa Uria, kuhani. Kama huyo ni mtu mmoja, basi ukoo uliokataliwa mlangoni ulirudishiwa haki yake. Mwandishi hakusimulia habari hiyo. Inaonekana kwa mtu anayeyafuata majina kutoka kitabu hadi kitabu.

Maneno mawili ya kujua kwanza

La kwanza ni neno la Kiebrania toledot, ambalo Biblia ya Kiswahili hulitafsiri kuwa "vizazi". Linatokana na mzizi yalad, kuzaa. Kitabu cha Mwanzo kimelitumia mara 11 kama kichwa cha sehemu mpya, kuanzia "vizazi vya mbingu na nchi" (2:4) hadi "vizazi vya Yakobo" (37:2). Tazama kinachofuata kila kichwa. Vizazi vya Tera ni habari za Abrahamu. Vizazi vya Isaka ni habari za Esau na Yakobo. Vizazi vya Yakobo ni habari za Yusufu na ndugu zake. Kichwa kinamtaja mzazi, habari ni za waliotoka kwake. Ukilielewa toledot kuwa "yaliyotokana na fulani", Mwanzo chote kinakaa sawa: orodha ndiyo mifupa, na visa vyote vya mafuriko, visima na ndoto vimeivaa kama nyama.

La pili ni ben, mwana, ambalo msemaji wa Kiswahili analitambua mara moja kwa sababu ni ndugu wa "bin". Ben anaweza kuwa mwana wa kuzaa, mjukuu, kitukuu au mtu yeyote wa uzao huo. Mfano ulio wazi kabisa ni Ezra mwenyewe. Ezra 7:1 inamwita mwana wa Seraya. Kwa mujibu wa 2 Wafalme 25:18-21, Seraya kuhani mkuu aliuawa na Wababeli Yerusalemu ilipoanguka, mwaka 586 KK kwa hesabu ya kawaida. Ezra alifika Yerusalemu mwaka wa 7 wa Artashasta, mfalme wa Uajemi. Akiwa Artashasta wa kwanza, ni 458 KK. Kati yao pana miaka 128. Seraya hakuwa baba yake mzazi. Alikuwa kuhani mkuu wa mwisho kabla ya hekalu kuteketezwa, na Ezra anajifunga kwake.

Endelea na orodha hiyo hiyo ukaiweke kando ya 1 Mambo ya Nyakati 6:3-15. Katika Ezra, kutoka Seraya kupanda hadi Haruni kuna majina 16. Katika Mambo ya Nyakati, baada ya Merayothi wapo watu sita ambao Ezra hana: Amaria, Ahitubu, Sadoki, Ahimaasi, Azaria na Yohanani. Huenda mwandishi alifupisha kwa makusudi, na huenda jicho la mnakili liliruka, kwa kuwa Amaria, Ahitubu na Sadoki wanajirudia kwa mpangilio ule ule vizazi vichache baadaye. Sisi tunaona hili la pili lina nguvu, maana hapo ndipo mnakili yeyote angepotelea. Vyovyote iwavyo, hati haikuharibika, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kumfunga Ezra na Haruni, na ncha zote mbili zimefika.

Kamba na mti

Nasaba hizi zina maumbo mawili, na kila umbo lina kazi yake. Lipo umbo la kamba: baba mmoja, mwana mmoja, mjukuu mmoja, hadi chini. Uzito wa kamba uko kwenye ncha zake. Waliomo katikati ni viungo, na wanaweza kupunguzwa ili hesabu itimie. Ruthu 4:18-22 ni kamba ya majina 10: Peresi, Hesroni, Ramu, Aminadabu, Nashoni, Salmoni, Boazi, Obedi, Yese, Daudi. Boazi amekaa nafasi ya saba na Daudi ya kumi. Lakini Nashoni alikuwa mkuu wa Yuda wakati wa Musa (Hesabu 1:7), na 1 Wafalme 6:1 inahesabu miaka 480 tangu Waisraeli walipotoka Misri hadi mwaka wa 4 wa Sulemani. Kutoka Nashoni kushuka hadi Daudi ni vizazi vitano tu. Vizazi vitano haviwezi kujaza karne nne, kwa hiyo ama majina yamepunguzwa ama 480 ni hesabu ya mviringo, yaani vizazi 12 vya miaka 40. Ukilazimisha vyote viwili viwe kalenda, utavunja kimoja.

Hiyo kumi ya Ruthu ina jambo lake. Kumbukumbu la Torati 23:3 inamzuia Mmoabi kuingia katika kusanyiko la Bwana hata kizazi cha kumi. Ruthu alikuwa Mmoabi. Kitabu chake kinafungwa kwa vizazi kumi, na wa kumi ni mfalme.

Umbo la pili ni mti: baba, wana kadhaa, na kila mwana na wanawe. Mti unaeleza uhusiano wa walio hai. Makabila yakisema mababu wao ni ndugu wa tumbo moja, yanasema yanadaiana msaada. Yakisema babu wa hawa ni mwana wa suria, yanawaweka nyuma kidogo kwenye mgao. Ndiyo maana tawi hilo hilo linaweza kuonekana pengine likiwa sehemu nyingine ya mti. Samweli ni mfano: 1 Samweli 1:1 inamtoa milima ya Efraimu, na 1 Mambo ya Nyakati 6 inampandisha katika ukoo wa Lawi kupitia Kohathi. Mtu aliyehudumu hemani na kutoa sadaka alihitaji mahali pa kuketi katika orodha ya Walawi, na Mambo ya Nyakati inampa.

Majina mengine katika miti hii ni ya miji. 1 Mambo ya Nyakati 2:50-51 inamtaja Shobali "baba" wa Kiriath-yearimu na Salma "baba" wa Bethlehemu. Baba hapo ni mwanzilishi wa mji au mkuu wa ukoo ulioukaa. Jambo hili limethibitishwa na udongo wenyewe. Mwaka 1910 wachimbaji huko Samaria walipata vigae vilivyoandikwa kwa wino, kumbukumbu za divai na mafuta za karne ya 8 KK, na majina ya sehemu zilikotoka bidhaa hizo ni pamoja na Abiezeri, Heleki, Asrieli, Shekemu, Shemida, Noa na Hogla. Ukifungua Hesabu 26:30-33 na Yoshua 17:2-3, hizo ndizo koo za Manase. Noa na Hogla ni mabinti wawili kati ya watano wa Selofehadi, wale waliosimama mbele ya Musa katika Hesabu 27 wakadai urithi wa baba yao asiye na mwana wa kiume. Madai yao yalikubaliwa, na mamia ya miaka baadaye karani wa mfalme alikuwa bado anaandika majina yao kwenye vigae vya mizigo ya divai na mafuta.

Tafuta pale panapovunjika

Kila orodha ina mapigo yake. Kazi ya msomaji ni kuyashika mapigo hayo, kisha kusimama pale yanapokatika, maana mwandishi huweka neno lake hapo.

Chukua Mwanzo 5. Mapigo ni haya: fulani aliishi miaka kadhaa, akamzaa fulani; baada ya kumzaa akaishi miaka kadhaa, akazaa wana, waume na wake; siku zake zote zilikuwa kadhaa; akafa. "Akafa" linapiga mara nane kama ngoma ya matanga. Kwa Henoko, wa saba kutoka Adamu, halipigwi. Miaka yake ni 365, michache kuliko ya wote, na mahali pa "akafa" imeandikwa kwamba alitembea na Mungu na Mungu akamtwaa. Kwa Lameki mapigo yanakatika tena: anatoa maneno kuhusu mwanawe Nuhu, kwamba atawafariji kwa taabu ya ardhi iliyolaaniwa. Na kwa Nuhu kanuni inaanza, haimaliziki. Alikuwa na miaka 500 akawazaa Shemu, Hamu na Yafethi, halafu kimya. Safina inajengwa, maji yanapanda na kushuka, na sentensi ile inakuja kufungwa 9:28-29: baada ya gharika aliishi miaka 350, siku zake zote 950, akafa. Simulizi zima la gharika limewekwa katikati ya mstari mmoja wa nasaba.

Sasa weka kando yake orodha ya Kaini katika Mwanzo 4. Majina yanakaribiana ajabu: Henoko na Henoko, Methushaeli na Methusela, Lameki na Lameki. Wa saba kutoka Adamu kwa upande wa Kaini ni Lameki, anayejisifu kwa kuua na kutaja kisasi cha sabini na saba. Wa saba kwa upande wa Sethi ni Henoko, aliyetembea na Mungu. Na Lameki wa upande wa Sethi anakufa na miaka 777. Mtu aliyezipanga orodha hizi alitaka ziangaliane.

Mwanzo 11, kutoka Shemu hadi Abramu, unaendesha mapigo kama hayo kwa haraka zaidi; katika maandishi ya Kiebrania "akafa" limeachwa hadi kwa Tera. Umri nao unashuka, kutoka 600 za Shemu hadi 148 za Nahori babaye Tera. Mashine ya kuzaa imekwenda bila kukwama kwa vizazi ishirini, halafu aya ya 30 inasema Sarai alikuwa tasa, hakuwa na mtoto. Hiyo ndiyo sentensi iliyokuwa ikiandaliwa tangu Adamu. Anayeruka majina anaikuta kama taarifa ya kawaida. Aliyeyasoma yote anaisikia kama gari lililofunga breki.

Kutoka 6:14-27 inavunjika kwa namna nyingine. Inaanza kama orodha ya makabila: Reubeni, Simeoni, Lawi. Ikifika kwa Lawi haiendi tena kwa Yuda. Inazama Lawi, Kohathi, Amramu, Haruni, Eleazari, hadi Finehasi, na wana wa Musa haiwataji kabisa. Kwa jicho la orodha hii, Musa ni ndugu wa Haruni. Swali lililoulizwa lilihusu ukuhani.

Hesabu ya miaka na mahali inapokwama

Jumlisha umri wa kila baba wa Mwanzo 5 alipomzaa mwanawe: 130, 105, 90, 70, 65, 162, 65, 187, 182, kisha 600 za Nuhu gharika ilipokuja. Unapata 1656. Methusela alizaa akiwa na 187, mwanawe alizaa akiwa na 182, na Nuhu alikuwa na 600: jumla 969, ambao ndio umri wote wa Methusela. Alikufa mwaka wa gharika. Hesabu imefungwa barabara.

Lakini hayo ni maandishi ya Kiebrania ya Wamasora, wanakili wa Kiyahudi. Torati ya Wasamaria inapunguza umri wa Yaredi, Methusela na Lameki, gharika inakuja mwaka 1307, na wote watatu wanakufa mwaka huo. Tafsiri ya Kigiriki ya Sabini inawaongezea mababu wengi miaka 100 kabla ya kuzaa, na nakala zake muhimu zina 167 kwa Methusela. Hapo inatoka 2242, na Methusela anaishi miaka 14 baada ya gharika bila kuwa ndani ya safina. Wanakili wa zamani waliliona tatizo hilo, na nakala nyingine zina 187. Tafsiri hiyo pia ina Kenani mwingine kati ya Arfaksadi na Sela katika Mwanzo 11, ambaye Kiebrania hakina. Luka 3:36 inamtaja.

Kwa hiyo anayetaka kupata mwaka wa uumbaji kwa kujumlisha lazima kwanza achague maandishi, na uchaguzi huo unasogeza jibu kwa mamia ya miaka. Askofu James Ussher alifika 4004 KK. Kalenda ya Kiyahudi inaanza 3761 KK. Ni afadhali kuuliza miaka hiyo inasema nini. Orodha ya Wafalme ya Wasumeri, katika nakala yake inayojulikana sana, inawapa wafalme wanane wa kabla ya gharika miaka 241,200. Kando ya hiyo, 969 ni umri wa kiasi, na hakuna hata mmoja katika Mwanzo 5 aliyefika elfu. Tena hawa si wafalme. Ni baba wa watoto.

Kosa jingine la mara kwa mara ni kutafsiri maana ya kila jina la Mwanzo 5 na kuunganisha tafsiri hizo kuwa ujumbe wa siri. Maana za baadhi ya majina hayo hazina uhakika, na sentensi inapatikana kwa kuchagua tafsiri inayofaa. Shika lile ambalo maandishi yenyewe yanalieleza: Nuhu na faraja (5:29), Pelegi na nchi kugawanyika (10:25), Yabesi na uchungu wa mamaye (1 Mambo ya Nyakati 4:9).

Hamu, Kushi na madhara ya kusoma vibaya

Mwanzo 10 ni mti wa majina 70, asipohesabiwa Nimrodi: Yafethi 14, Hamu 30, Shemu 26. Yamepangwa kwa jamaa, lugha, nchi na mataifa, kama aya za 5, 20 na 31 zinavyosema. Rangi ya ngozi haimo. Sheba yumo mara mbili, chini ya Hamu kupitia Kushi (10:7) na chini ya Shemu kupitia Yoktani (10:28). Nimrodi mwana wa Kushi anatawala Babeli na Akadi. Kanaani amewekwa kwa Hamu ilhali lugha yake ilikuwa ndugu wa karibu wa Kiebrania. Ni ramani ya siasa na biashara iliyochorwa kwa lugha ya ukoo.

Hata hivyo orodha hii iligeuzwa kuwa orodha ya rangi, na watu wa kwetu waliumizwa nayo. Laana ya Mwanzo 9:25 imemtaja Kanaani kwa jina. Hamu na Kushi hawakulaaniwa. Wahubiri wa utumwa waliisogeza hadi kwa Waafrika wote. Mwaka 1863 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliandika kwamba watawala wa eneo la Maziwa Makuu walikuwa wageni kutoka Uhabeshi, akitumia majina ya Shemu na Hamu kama aina za watu. Wakoloni waliichukua dhana ya "Wahamu" wakaifanya msingi wa utawala Rwanda na Burundi, na kabla ya mauaji ya kimbari ya 1994 ilikuwa ikisemwa majukwaani kwamba Watutsi warudishwe Uhabeshi. Anayefundisha Mwanzo 10 kanisani au darasani katika nchi zetu ana wajibu wa kusema waziwazi kwamba sura hiyo haina wazo hilo hata chembe. Tena Israeli yenyewe haimo kati ya mataifa hayo 70. Mwandishi hakuliweka taifa lake katikati.

Sura tisa za Mambo ya Nyakati

1 Mambo ya Nyakati inaanza na majina 13 bila kitenzi hata kimoja: Adamu, Sethi, Enoshi, na kuendelea. Usiisome sura baada ya sura kama hadithi. Pima nafasi kila kabila lilivyopewa. Yuda imepewa kuanzia 2:3 hadi 4:23. Lawi ina aya 81 za sura ya 6. Naftali ina aya moja. Dani na Zabuloni hazina orodha zao. Mwandishi anaandika wakati wa utawala wa Uajemi, na waliobaki hai kuzunguka Yerusalemu ni Yuda, Benyamini na Walawi. Hao ndio wenye mashamba ya kudai na zamu za hekaluni za kushika.

Ndani ya wingi huo kuna watu ambao orodha ya kawaida ingewaacha. Sheshani hakuwa na wana wa kiume, akamwoza binti yake kwa mtumwa wake Mmisri aitwaye Yarha, na kutoka kwao vinafuatwa vizazi 13 hadi Elishama (2:34-41). Kamba ya kabila la Yuda, tena ndefu, imepita kwa mwanamke na mtumwa wa kigeni. Katika 7:24 yumo Sheera, binti wa Efraimu, aliyejenga Beth-horoni wa chini na wa juu, na Uzen-sheera.

Sura ya 3 ni nyumba ya Daudi. Inashuka mfalme kwa mfalme hadi Sedekia, na hapo ufalme umekwisha. Hakuna tena kiti cha enzi. Orodha haisimami. Inamtaja Yekonia aliyechukuliwa mfungwa, kisha Zerubabeli, kisha wanawe na dada yao Shelomithi, na kuendelea kwa watu ambao hawakutawala chochote, hadi wana saba wa Elioenai: Hodavia, Eliashibu, Pelaya, Akubu, Yohanani, Delaya na Anani. Hakuna neno la kufunga, hakuna "akafa". Aya inayofuata inaanza upya: wana wa Yuda, Peresi.